Usiku Usio na Giza

Kiswahili ni lugha inayoliamini jua. Saa zake zimefungwa kwenye mapambazuko na machweo: jua likichomoza na kupanda kidogo, ni saa moja, likiwa utosini, ni saa sita, likizama, watu huswali Magharibi na hesabu huanza upya. Watu wa mwambao, kwa kuwa wako karibu na ikweta, hawakuwahi kuona haja ya kuuliza kama jua litaitimiza ahadi hiyo. Mwaka mzima hupanda na kushuka karibu na saa kumi na mbili, na tofauti baina ya miezi ni ya dakika tu. Kwa hiyo neno usiku halikuhitaji maelezo. Usiku ni giza, na giza ni usiku.

Msafiri mmoja wa mwambao aliugundua udhaifu wa imani hiyo alipofika Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, Alhamisi moja ya mwezi wa Juni, kwa ziara ya siku nne. Mji huo uko nyuzi 59 kaskazini ya ikweta. Katika siku hizo jua huchomoza yapata saa tisa na nusu za usiku, na huzama saa nne za usiku zikiwa zimepita dakika chache. Maneno hayo yenyewe, yakisomwa kwa Kiswahili, yana kichekesho ndani yake: jua huchomoza usiku, na usiku huohuo huzama. Hata likishazama haliendi mbali. Hupita chini ya upeo wa macho kwa nyuzi 7 hivi, na weupe wake hubaki upande wa kaskazini, ukisogea polepole kutoka magharibi kuelekea mashariki, mpaka jua lenyewe lirudi.

Kwa Mwislamu jambo hili si la kustaajabia tu, bali ni la ibada. Isha huingia weupe wa machweo unapotoweka; na usipotoweka? Katika kisiwa cha Södermalm pana msikiti uliofunguliwa mwaka 2000 ndani ya jengo ambalo hapo awali lilikuwa kituo cha umeme, kazi ya msanifu Ferdinand Boberg ya mwanzoni mwa karne ya 20. Wanazuoni wamelijadili suala hili kwa muda mrefu: wako wanaokadiria nyakati kwa hesabu, na wako wanaoruhusu Magharibi na Isha kukusanywa pamoja. Msafiri aliswali Magharibi, kisha akakaa akilitazama dirisha, kwa mazoea ya mwili, akingoja giza ambalo lisingekuja. Asiyeona usiku ukiingia hana budi kuambiwa na karatasi ya ratiba kwamba umekwisha kuingia.

Safari hiyo ilikuwa imepangwa kwa watu wawili. Mmoja aliitwa na Mola wake miezi saba kabla, na aliyebaki akashauriwa na jamaa airudishe tiketi. Mwambao hauna mazoea na mtu anayesafiri peke yake bila sababu. Anayekwenda kutibiwa husindikizwa, anayekwenda kwa biashara hupokewa, na anayekwenda kutembea tu huulizwa, "Na nani?" Msafiri hakuwa na jibu la kuwaridhisha, isipokuwa kwamba nyumba ilikuwa imejaa watu na hapakuwa na hata mmoja aliyenyamaza.

Kiswahili kinatofautisha upweke na ukiwa. Upweke ni hesabu, kwamba mtu ni mmoja. Ukiwa ni hali, kama ya nyumba iliyohamwa. Uswidi ni miongoni mwa nchi za Ulaya zenye kaya nyingi za mtu mmoja, na katika vivuko vya Stockholm, mji uliojengwa juu ya visiwa 14, abiria huketi kwa kuachiana nafasi. Siku ya kwanza msafiri aliuona huo kuwa ukiwa wa watu wote. Hakuna aliyemwamkia, wala aliyemuuliza atokako. Mgeni ni kuku mweupe, walisema wazee, lakini hapa hapakuwa na aliyemtazama kuku huyo.

Ijumaa mambo yalizidi. Ilikuwa mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, ambayo Waswidi huiweka Ijumaa iangukayo baina ya tarehe 19 na 25 Juni. Kama vile mwambao usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe, nao huupa mkesha heshima kuliko siku inayofuata. Wenyeji wengi walikuwa wamekwisha kuhamia mashamba na visiwa vya mbali, na maduka yalikuwa yamefungwa. Katika mtaa wa Drottninggatan msafiri alizisikia nyayo zake mwenyewe. Aliyewahi kuingia mji wa watu asubuhi ya Idi, hana jamaa wala mlango wa kubisha, anaijua saa hiyo. Hapo upweke ulikaribia kabisa kuwa ukiwa.

Alasiri alipanda kivuko kwenda Djurgården, mahali ilipo Skansen, makumbusho ya wazi yaliyoanzishwa na Artur Hazelius mwaka 1891. Mlingoti uliofungwa majani na maua ulisimamishwa, watu wakafanya duara, wakaimba wimbo wa vyura huku wakiruka kama vyura, wazee na watoto pamoja. Bibi mmoja alimshika msafiri mkono na kumwingiza katika duara. Hakumuuliza jina. Wimbo ulipokwisha aliuachia mkono, akainamisha kichwa kidogo, akaenda zake. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu msiba, kwa mtu kumshika mkono bila kumpa pole.

Waswidi wana desturi kwamba usiku huo msichana huchuma maua ya aina 7, akiwa kimya, akayaweka chini ya mto ili amwote mume ajaye. Msafiri hakuchuma maua. Hakuwa na wa kumwota ila aliyekwisha kumjua.

Nchi hiyo ina kanuni nyingine inayomhusu mgeni: haki ya kila mtu kupita katika ardhi, hata yenye mwenyewe, kuchuma matunda ya mwituni, na kupiga hema usiku mmoja au miwili mbali na nyumba za watu, mradi asiharibu wala kusumbua. Mwambao husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hesabu zinakaribiana, tofauti ni kwamba kule mgeni hupokewa na mwenyeji, na huku hupokewa na desturi, naye mwenyeji asionekane. Msafiri alianza kuzielewa zile nafasi za vivukoni. Huenda zilikuwa adabu.

Jumamosi alifika Stortorget, uwanja mdogo wa mji mkongwe. Katika jengo la zamani la soko la hisa linaloukabili, ndimo lilimotangazwa tarehe 7 Oktoba 2021 jina la Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Medali yenyewe alikabidhiwa London, kwa sababu ya janga la korona. Katika mkahawa wa jirani msafiri aliagiza mkate mtamu uliosokotwa, akaumega, na harufu ya iliki ikamjia usoni. Waswidi hutia iliki katika mikate yao. Aliula wote pole pole, machozi yakimtoka, na watu wa meza za jirani, kwa adabu yao ileile, hawakutazama.

Jumapili alikwenda kuiona Vasa, jahazi la kivita la Mfalme Gustav II Adolf. Tarehe 10 Agosti 1628 lilitweka tanga, likaenda mita 1,300 hivi, upepo ukalilaza, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga, likazama mbele ya macho ya mji. Liliibuliwa mwaka 1961, karibu zima. Bahari ya Baltiki ina chumvi isiyofika robo ya ile ya Bahari ya Hindi, na mdudu atobaye mbao, ambaye kwa ajili yake wenye majahazi wa mwambao hupaka shahamu vyombo vyao, haishi humo. Sababu ya kuzama ni rahisi kwa mtu wa pwani kuielewa: chombo kilikuwa kirefu mno kwenda juu, na chembamba, chenye mizinga 64. Farumi ilikuwamo, tani nyingi za mawe, lakini haikuutosha uzito uliowekwa juu yake.

Msafiri alisimama hapo muda mrefu. Jamaa walihofu kwamba aliyefiwa, akisafiri peke yake, atapinduka. Lakini marehemu naye ni uzito, na uzito ukikaa chini, ndio unaokisimamisha chombo.

Jumatatu, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, alinunua mikate sita ya iliki ya kuwapelekea wa nyumbani.