Siku Moja Kisiwani Unguja

Watu wa mataifa mengi huenda Unguja kupumzika. Wengine hutoka Ulaya, wengine hutoka bara, na wote hutafuta mambo yale yale: kuoga baharini, kula samaki, na kutembea pasipo haraka. Wala si vibaya, kwa maana mtu aliyefanya kazi mwaka mzima amestahili siku moja ya kukaa kitako na kutazama mawimbi. Lakini kisiwa kile kina uzuri, tena kina huzuni, na mwenye kutazama vema huyaona yote mawili. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee mmoja wa Masasi na mjukuu wake.

Mzee huyo alikuwa mwalimu, akafundisha miaka 32 kabla ya kupumzika kazi. Miaka hiyo yote alikuwa akisema, "Iko siku nitakwenda Unguja," wala siku hiyo haikufika. Mara ada za watoto, mara paa la nyumba, mara palizi ya mikorosho. Hata mjukuu wake alipokuwa karibu kuingia darasa la saba, mzee akauza korosho zake, akahesabu fedha, akasema, "Likizo hii tutakwenda mimi nawe." Jirani akamwuliza, "Mna nini Unguja, mwalimu?" Akajibu, "Twaenda kutembea tu." Hakusema zaidi.

Wakasafiri kwa basi hata Dar es Salaam, na siku ya pili wakapanda meli, wakafika Unguja jioni. Wakapata chumba katika nyumba ndogo ya wageni, ndani ya Mji Mkongwe. Kulipopambazuka walisikia adhana kutoka misikiti mingi, moja baada ya moja, kisha sauti za watu wakiamkiana vichochoroni. Wakatoka, wakaketi barazani, wakanywa kahawa chungu kwa kashata.

Mtoto alistaajabu kuona jinsi njia zilivyo nyembamba. Mahali pengine watu wawili wakikutana na baiskeli hawana budi kujibanza ukutani. Babu yake akamweleza kuwa wembamba ule una faida, kwa kuwa nyumba ndefu hutiana kivuli na njia hukaa baridi hata jua likiwa kali. Nyumba zenyewe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Milango yake ni mizito, imenakshiwa maua na minyororo, na mingine ina misumari mikubwa ya shaba. Kwa ajili ya mambo hayo mji ule uliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia.

Saa tatu walishuka pwani wakapanda mashua iendayo Changuu, kisiwa kidogo kilicho karibu na mji. Mtoto aliomba kukaa omo ili aone mbele. Maji ya karibu na ufuo yalikuwa ya kijani kama jani changa la mgomba, na ya mbali yalikuwa ya samawati iliyokolea. Penye matumbawe aliweza kuona chini kabisa, na samaki wadogo wenye milia wakapita kwa makundi. Mtoto alicheka kwa furaha, akachovya mkono majini. Nahodha akamwambia, "Shika ubao, bwana mdogo. Aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani." Mtoto akauliza ngamani ni wapi. Nahodha akamwonyesha chini, tumboni mwa chombo, mahali panapokusanyika maji, akasema, "Hapa. Zamani shehena ilikaa huku." Mzee akapatazama mahali pale, akanyamaza.

Kisiwani Changuu kuna jumba la mawe lililojengwa katika miaka ya 1890 ili liwe gereza. Lakini wafungwa hawakuletwa. Likawa mahali pa kuwatenga wasafiri waliodhaniwa kuwa na maradhi ya kuambukiza, wasije wakayaingiza mjini. Mtoto hakulijali sana jumba lile, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwaona kobe. Hao ni kobe wakubwa ajabu. Dume aliyekomaa huweza kupita kilo 200, na umri wake huweza kupita miaka 100. Asili yao ni kisiwa cha Aldabra. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alipeleka wanne Unguja kuwa zawadi, nao wakazaana. Baadaye wezi wakawaiba na kuwauza, hata katika miaka ya 1990 wakabaki wachache mno. Ndipo wakajengewa ua na kuwekewa walinzi.

Mtoto aliwalisha majani, akawakuna shingo, nao wakanyosha vichwa kwa raha. Kila mmoja ameandikwa namba mgongoni kwa rangi, ndiyo miaka anayokisiwa kuwa nayo. Akaona mmoja mkubwa kuliko wote, akapanda mgongoni akae kama juu ya kiti. Mara mlinzi, mama wa makamo, akaja mbio. "Shuka, mwanangu. Kutosema kwake si kwamba haumii." Mtoto akashuka, ametahayari, akasema, "Nisamehe, mama." Yule mama akatabasamu, akampa majani mengine amlishe yule yule kobe, na mambo yakaisha.

Walipokuwa wakirudi mashuani mtoto akauliza, "Babu, kobe wale hawataki kurudi kwao?"

Mzee akafikiri kidogo. "Sijui, mjukuu wangu. Najua kwamba walipoletwa hawakuulizwa."

Adhuhuri waliifika nchi kavu. Walipita mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Wakaona jinsi sehemu yake ilivyobomoka mwezi wa Desemba 2020. Wakala wali na samaki wa kupaka, wakalala kidogo hata jua likapungua ukali. Ndipo mzee akavaa shati lake jeupe na kofia, akasema, "Sasa twende Mkunazini."

Huko Mkunazini lilikuwako soko la watumwa. Watu waliokamatwa bara, wengi katika nchi zilizo karibu na Ziwa Nyasa, walitembezwa kwa miguu hata pwani, wakajazwa majahazini, wakaja kuuzwa hapo kama mbuzi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko likafungwa. Tusidhani kwamba utumwa wenyewe ulikoma siku hiyo. Katika Unguja na Pemba uliendelea, na amri ya kuufuta katika sheria haikutolewa hata mwaka 1897. Lakini siku ya Krismasi ya mwaka 1873 liliwekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale penye soko. Aliyesimamia ujenzi alikuwa Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu, mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Maandiko.

Mzee alivua kofia mlangoni. Ndani mlikuwa baridi na kimya. Wakaona nguzo ndogo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizikosea Askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Wakaona msalaba wa mbao. Mti wake ulitoka Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mahali ulipozikwa moyo wa David Livingstone. Mbele ya altare sakafuni pana duara la jiwe jeupe lililozungukwa na jekundu. Husemwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungiwa watumwa na kupigwa. Mzee alisimama mbele ya duara lile kitambo kirefu, midomo yake ikitikisika, lakini sauti haikusikika.

Wakatoka nje. Uani pana shimo la mraba, na ndani yake sanamu za watu watano, wamefungwa minyororo shingoni. Ukumbusho huo uliwekwa mwaka 1998. Watu wale hawatazamani. Kila mmoja ana uso wake na huzuni yake. Mtoto aliinama akawahesabu, kisha akanyamaza. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Babu, na hawa nao hawakuulizwa."

"Hawakuulizwa," akajibu mzee. Akaketi ukingoni, akamkalisha mtoto kando yake.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Mtu mmoja alikamatwa akali mtoto, mdogo kuliko wewe, huko upande wa Ziwa Nyasa. Akatiwa katika jahazi, ngamani, kama alivyotuonyesha nahodha leo. Manowari ya Waingereza ikalikamata jahazi baharini, naye akapewa wamisionari. Akakulia hapa Unguja, akakaa Mbweni, katika kijiji cha watu waliokombolewa. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwachukua baadhi yao kwa njia ya Lindi, wakielekea nchi ya Ziwa. Lakini walipofika Masasi wakatua, wakajenga. Kijiji cha mama yake hakukijua tena. Alikumbuka mto tu, na mti mmoja mkubwa kando yake. Mtu huyo alikuwa babu wa baba yangu."

Mtoto alimkazia macho. "Mbona hukutuambia siku zote, Babu?"

Mzee aligeuza kofia yake mikononi. "Nilikuwa na aibu. Nilipokuwa mdogo mtu akigombana nawe alikuambia, 'Wewe ni mtoto wa mtumwa,' na watu wote wakacheka. Baba yangu alinisimulia usiku, mlango umefungwa, akanionya nisiseme. Nikawa mwalimu. Kila mwaka nilichukua chaki nikaandika ubaoni, Soko la Watumwa, Unguja. Watoto wakanakili, wakajibu mtihani. Wala sikuwaambia hata siku moja kwamba naeleza habari za nyumbani kwangu. Leo nimesimama hapa, nikaona kwamba nimeibeba aibu isiyo yangu. Aibu ni ya aliyeuza na aliyenunua. Aliyeuzwa ana aibu gani?"

Mtoto hakuwa na la kujibu. Baadaye kidogo aliuliza, "Jina lake nani?"

"Alipobatizwa alipewa jina lile lile ulilo nalo wewe. Ulipozaliwa mimi ndimi niliyelichagua. Baba yako hajui sababu yake."

Mtoto akaushika mkono wa babu yake, wakakaa hivyo hata mlinzi wa mahali pale akaja kuwaambia kwamba wakati wa kufunga umefika.

Jioni walikwenda bustani ya Forodhani. Jua lilikuwa likitua baharini, jekundu kama kaa la moto, na majahazi yakipita mbele yake na matanga yao. Vijana walikuwa wakipiga mbio na kujitupa majini kutoka ukutani, kila mmoja akitaka kuwashinda wenziwe kwa kurukia mbali. Wauzaji waliwasha taa zao, moshi wa mishikaki ukaenea. Mtoto alikula urojo, akala pweza wa kuchoma, akanywa maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi, akaomba tena. Mzee akacheka, akampa fedha. Siku nyingi watu wa nyumbani hawakuwa wamemsikia akicheka hivyo.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu aliwaambia wanafunzi waandike habari za likizo. Mtoto yule aliandika habari za bahari, na rangi zake mbili. Akaandika habari za kobe, na jinsi alivyokosa kwa kumpanda. Kisha akaandika habari za babu wa baba wa babu yake, aliyeletwa Unguja asipoulizwa, akarudi bara mtu huru. Alipoambiwa asome mbele ya wenzake, alisoma kwa sauti, wala hakuna aliyecheka. Mwenzake mmoja akainua mkono, akasema polepole, "Hata kwetu iko habari kama hiyo."

Basi, mtu akipata siku ya kutembea na atembee kwa furaha. Aoge, ale, aangalie vitu vizuri. Lakini akifika mahali penye habari ya huzuni asipite mbio. Pengine habari ile ni ya nyumba yake mwenyewe, nayo imengoja miaka mingi apatikane mtu wa kuisema.