Kidonda Kidogo, Maandishi Kamili

Juma hili hatuzungumzi juu ya ugonjwa mkubwa. Tunazungumza juu ya vidonda vidogo: goti lililokwaruzwa, kidole kilichokatwa na kisu tukitayarisha sombe, kisigino kilichochomwa na msumari, mguu uliogongwa na chukudu. Sisi tunaokaa Goma tunavijua sana. Watoto wetu wanacheza juu ya mawe ya volkeno, na mawe hayo yanakata kama chupa.

Tangu kisanduku chetu cha kusaidiana kianze kulipia matunzo madogo, kartasi za vituo vya afya zinapita mikononi mwetu kila juma. Kwa kuzisoma tumejifunza jambo moja: kidonda kinaweza kuoshwa na kufungwa vizuri, lakini kama hakikuandikwa vizuri, kazi imebaki nusu.

Mtoto wa mmoja wetu alikanyaga msumari mwezi wa tano mwaka 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22. Kituo cha afya kilimpokea, wakamwosha, wakamfunga, wakampiga sindano. Kwenye fishi yake waliandika maneno mawili tu: «Kidonda, mguu.» Tarehe 27 watu wa mitaa mingi wakaambiwa wahame, na mama huyo akapanda boti kwenda Bukavu na watoto wake. Huko mguu ukavimba. Muuguzi akauliza: alikanyaga nini? Siku gani? Ile sindano ilikuwa ya kuzuia pepopunda ama ya kutuliza maumivu? Mama alijua msumari na alijua siku. Juu ya sindano, hakuna aliyemwambia ni ya nini, na fishi ilikuwa kimya. Ikabidi mtoto apigwe sindano tena, na mama alipe tena kwa pesa iliyokuwa ya chakula. Mtoto alipona, lakini feza ya maharagwe ilikwenda kwa sababu ya mstari mmoja ambao haukuandikwa.

Yule muuguzi wa Bukavu alifanya sawa, kwani mambo ya pepopunda hayabahatishwi. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na mavi ya wanyama. Vinapenda tundu lenye kina, kama la msumari, ambalo juu linafunga upesi na ndani linaoza. Mara nyingi dalili zinatokea kati ya siku 3 na siku 21 baada ya kuumia. Kwa hiyo siku ya kuumia, kitu kilichoumiza na tarehe ya chanjo ya mwisho si habari za kujaza kartasi tu. Ndizo munganga anazotumia kuamua.

Wengine wetu tumeona kwenye kartasi za hospitali kubwa herufi na tarakimu, kama S81, tukafikiri ni siri ya waganga. Si siri. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa na majeraha yote, na kila moja limepewa alama yake, ili munganga wa Goma na wa Kinshasa wahesabu kitu kimoja kwa njia moja. Kwa Kifaransa inaitwa CIM. Katika toleo lake la kumi, S80 ni jeraha la juu juu la mguu chini ya goti, yaani mkwaruzo ama kuvilia damu. S81 ni kidonda kilichofunguka mahali hapohapo. S91 ni kidonda cha kifundo cha mguu ama wayo, na S61 ni cha kiganja, vidole ama kifundo cha mkono. Alama W54 inaonyesha kwamba aliyeumiza ni mbwa.

Anayeweka alama hizo mara nyingi hakukiona kidonda. Anasoma tu kilichoandikwa. Akisoma «kidonda, mguu», atajuaje kama ni mkwaruzo ama mkato ulioshonwa nyuzi nne? Na bei ya kuosha mkwaruzo si bei ya kushona. Sisi pia, tukiombwa kulipa kushona wakati fishi haisemi kushona, tunashindwa kujua nani anasema kweli.

Hata pale ambapo hakuna alama, kituo kinahesabu wagonjwa kwenye rejista na kupeleka ripoti kwenye Zone ya Afya kila mwezi. Watoto watatu wakiumwa na mbwa na wote wakaandikwa «kidonda cha mkono», nani atajua kwamba kuna mbwa mwenye kichaa katika mtaa? Kidonda cha mbwa kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi dakika 15, halafu mtoto apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Chanjo yake inapigwa mara kadhaa, kila moja kwa tarehe yake, na tarehe hizo ziandikwe. Dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Basi, kabla ya kutoka kituoni, tuombe kwa heshima mambo haya yaandikwe:

1. Siku na saa ya kuumia.
2. Mahali penyewe, na upande: kulia ama kushoto.
3. Kilichoumiza: msumari, kisu, mbwa, moto, kuanguka.
4. Urefu na kina cha kidonda.
5. Kilichofanywa: kuosha, kushona nyuzi ngapi, sindano gani.
6. Siku ya kurudi.

Kuuliza «Muganga, sindano hii ni ya nini?» si kumkosea adabu. Ni haki ya mgonjwa.

Kuna jambo lingine tulilojadili kwa muda mrefu. Vidonda vingine vinatoka kwa mkono wa mtu, na mara nyingine mtu huyo ni wa nyumbani. Mama akisema ukweli kwa munganga, na munganga akauandika kama alivyousema, kartasi hiyo inaweza kumsaidia kesho mbele ya sheria. Lakini mama atasemaje ukweli kama anajua fishi yake itasomwa mbele ya kikundi kizima? Kwa hiyo tumeamua hivi: kwa malipo, mtunza kisanduku peke yake ataona kartasi, na sababu ya kidonda haitasomwa katika mkutano. Pesa ni ya wote, lakini mwili ni wa mwenyewe.

Fishi na kitabu cha chanjo tuviweke pamoja katika mfuko wa plastiki, karibu na mlango. Siku ya kukimbia hakuna nafasi ya kutafuta.