Tundu Lililokuwa Juu ya Dari

Kuna kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba imefanywa, nayo ni kuficha mitambo ya waifai darini. Hapa Dubai tumeifanya kwa zaidi ya miaka 20. Mwenye nyumba hutupokea kwa kahawa na tende, kisha hutuambia lile neno tulilolizoea: anataka intaneti ifike mpaka chumba cha mtumishi na bustanini, lakini hataki kuona kitu. Hataki waya, wala sahani nyeupe yenye taa ya buluu juu ya kichwa chake akiwa amelala. Sisi hujibu, “Hewaa, inshallah,” na hupanda ngazi.

Watu hudhani dari ni kitu cha kupendeza macho tu. Wageni wanaotutembelea kutoka nyumbani huwa tunawapeleka Shindagha, kandoni mwa khor, kwenye nyumba ya zamani ya Sheikh Saeed Al Maktoum iliyojengwa mwaka 1896, na mtaa wa Al Fahidi ambao wenyeji wa zamani wanauita Bastakiya. Tunawaambia watazame juu. Zile nguzo zilizopangwa bega kwa bega ni boriti za mikoko yetu. Majahazi yalizibeba kutoka Lamu na delta ya Rufiji na kurudi nazo Ghuba kwa upepo wa Kusi, na Waarabu wa huku wakaziita chandal. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, Stone Town na Dubai vilevile, ndiyo maana vyumba vya kale vya miji yote miwili ni virefu na vyembamba. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, na wakati huo Ghuba ilikwisha kuhamia kwenye zege. Dari ya boriti haikuficha kitu. Ukilala chali unaziona boriti zote, na nyufa zote, na mjusi.

Dari ya siku hizi ni pazia. Juu yake kuna nafasi ya nusu mita au zaidi kabla hujafika kwenye zege, na humo ndimo jengo linamoishi: mabomba ya maji baridi ya viyoyozi, mifereji ya hewa iliyovishwa sufi na karatasi ya alumini, mabomba ya vinyunyizio vya moto, nyaya za taa, na siku hizi sisi na kebo zetu. Kila fundi huingia humo kwa zamu yake, hufanya lake, hutoka. Anayefunga dari huja mwisho, na kila mara ana haraka.

Tuanze na mawimbi, kwa kuwa hapo ndipo wateja wanapotulaumu. Ubao wa jipsamu hauyazuii sana, unapunguza nguvu kidogo tu. Lakini dari ya vigae vya chuma au vipande vya alumini ni kama sufuria iliyofunikwa: ukiweka kisambaza mawimbi juu yake, wanaofaidi ni panya. Hata penye jipsamu, mtambo uliolazwa juu ya dari unajikuta kati ya mabomba na ile mifereji yenye alumini, na mawimbi yanagonga huku na huku kama mpira. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na la gigahezi 5 ni nusu ya hapo au pungufu. Kipande cha chuma cha ukubwa wa kiganja kinatosha kulisumbua. Ushauri wetu ni ule ule siku zote. Mtambo ukae chini ya dari, uonekane, upakwe rangi ya dari ikiwa mtengenezaji anaruhusu. La sivyo, utengenezewe kisanduku kilichozama darini, uso wake ukiwa sawasawa na jipsamu na kifuniko chake kikiwa cha plastiki. Kuutupa juu ya dari kabisa ni njia ya mwisho, na hata hapo kuwe na kidirisha cha kuufikia. Tumeitwa kwenye majumba ambayo mtambo umefungiwa juu ya jipsamu isiyo na kidirisha, na tajiri akabomolewa dari yake ya nakshi ili tubonyeze kitufe kimoja.

Kisha kuna joto na jasho. Sisi tuliosomea uhandisi Ulaya tulifundishwa kuogopa unyevu unaotoka ndani ya nyumba kwenda nje. Hapa mambo ni kinyume. Mwezi wa nane hewa ya nje imeshiba maji ya bahari, na bomba la kiyoyozi lenye maji ya nyuzi 6 au 7 likiwa na ngozi iliyochanika mahali, basi hutoa jasho mchana na usiku. Tone moja kila dakika, juu ya mtambo wa dirham elfu. Na familia ikienda likizo ikazima viyoyozi, nafasi ile hugeuka tanuri. Mitambo mingi ya bei nafuu imetengenezwa kustahimili nyuzi 40 tu. Ikifa mwezi wa tisa, mteja anasema tumemuuzia bandia.

La umeme tulikuwa nalo makini tangu mwanzo, tunaweza kujisifu kidogo. Hatujawahi kuacha soketi wala ekstensheni juu ya dari. Tangu mwaka 2003 kuna utaratibu wa kupitisha umeme ndani ya kebo ile ile ya mtandao, wati 15.4 kutoka kwenye swichi, mita 100 kwenda. Mwaka 2009 ukapandishwa hadi wati 30, na mwaka 2018 ukafika 90. Volti zake ni kama 48, na swichi hukaa kabatini penye hewa, mahali mtu anapoweza kuizima. Mtambo tuliuning’iniza kwenye zege kwa waya wake wenyewe, haukulala juu ya kigae wala kufungwa kwenye bomba la kinyunyizio. Kazi zetu zilikuwa safi. Tulizipiga picha.

Sasa tufike kwenye tundu.

Mwaka 2009 tulipata kazi katika jengo moja la vyumba vya kupangisha huko Deira, ghorofa saba. Swichi ya kila ghorofa ilikaa kwenye stoo ya mashuka. Kutoka hapo kebo zilipita ukutani, juu ya dari, zikaingia ukumbini, halafu zikapita tena ukutani kuingia kila chumba. Ukuta wa stoo na ukumbi ni ukuta wa kuzuia moto. Kazi yake ni kushikilia moto na moshi kwa muda, ili watu wapate njia ya kutokea. Tulitoboa tundu la ukubwa wa ngumi kwa ajili ya kebo zisizofika kumi, kwani drili ndogo ilikuwa imeharibika. Tundu kama hilo hujazwa dawa maalumu, ile inayovimba ikipata moto na kuziba hata pale plastiki ya kebo inapoyeyuka. Dawa ilikuwa haijafika dukani. Mafundi wa jipsamu walikuwa wamesimama na mbao zao mikononi, wanalipwa kwa siku. Tukasema tutarudi, na dari ikafungwa asubuhi ile.

Hatukurudi. Hatuna sababu nyingine ya kuwapa.

Majira ya baridi ya mwaka 2023 natur wa jengo lile alitupigia simu kwamba intaneti ya ghorofa ya tano imekufa. Tulikuta stoo imeungua. Pasi ilikuwa imeachwa juu ya mataulo. Kinyunyizio kilifunguka kama kilivyotakiwa na kuuzima moto, haukutoka nje ya mlango. Tukafurahi. Kisha tukapandisha ngazi ukumbini, tukafungua kidirisha na kumulika tochi. Upande wa ukumbini, ambako moto haukufika, kulikuwa na ulimi mweusi wa masizi kuanzia kwenye tundu letu kwenda juu mpaka kwenye zege. Tukaufuata. Masizi yalikwenda na kebo zetu, kama yalivyoelekezwa, mpaka tundu la pili, la chumba cha mwisho.

Chumba hicho alikaa mama mmoja wa Tanga na mwanawe wa miaka mitatu, mwenye pumu. Moshi ulimfikia kabla kengele ya ukumbini haijalia, ukishuka pembeni mwa taa ya darini. Mtoto alilazwa siku nne. Alipona, alhamdulillahi. Tulijua hayo kwa mama mwenyewe, kwani alitusikia tukisemezana Kiswahili juu ya ngazi akatoka mlangoni. “Shikamooni, kaka zangu. Ni nyinyi mnaotengeneza intaneti? Mungu awalipe, bibi yake kule nyumbani anataka kumwona mtoto usoni.” Tukajibu marahaba. Tukaendelea na kazi. Siku ile hatukusema kitu.

Si kwamba hatukuwa tukijua. Kila mhandisi amesoma habari ya kituo cha nyuklia cha Browns Ferry kule Alabama. Tarehe 22 Machi 1975 mafundi walikuwa wakitafuta mahali hewa inapovuja kwenye matundu ya kebo, na walitumia mshumaa. Mwali ukavutwa ndani ya tundu, sponji ya kuzibia ikashika moto, na kebo zaidi ya 1,600 zikaharibika. Wengine wanaikumbuka Düsseldorf, tarehe 11 Aprili 1996: watu walikuwa wakichomelea vyuma barabarani juu ya jengo la abiria, cheche zikashuka zikawasha polistirini iliyokuwa ndani ya dari, na watu 17 wakafa, wengi wao kwa moshi. Hapa Dubai dunia nzima iliona hoteli ya Address ikiwaka usiku wa tarehe 31 Desemba 2015, na tangu hapo kila mtu anazungumzia kuta za nje. Kanuni za usalama wa moto za nchi zilifanyiwa marekebisho mwaka 2018. Sisi tulihudhuria semina na vyeti vimetundikwa ofisini. Na muda wote huo tundu lilikuwa pale.

Tulilala na jambo hilo usiku mbili. Mmoja wetu alisema tuzibe kimyakimya, nani atajua? Hoja yake haikuwa ya kijinga, tuna watoto vyuoni na leseni ya biashara ni karatasi nyepesi. Lakini kulikuwa na ghorofa saba, na tuliyekuwa tumeshaona ilikuwa moja. Tukaenda kwa meneja wa jengo tukamweleza yote. Alinyamaza, akauliza swali moja tu: mangapi? Hatukuwa na jibu.

Tukakubaliana tufungue dari zote kwa gharama yetu, kila Jumapili, ghorofa baada ya ghorofa. Tulikuta matundu 43 kwenye kuta zisizotakiwa kuwa na tundu. Kumi na tisa ni yetu. Mengine ni ya mafundi wa viyoyozi, wa kamera, wa televisheni, kila mmoja amepita na kuacha wazi. Tulikuta pia vikombe vya chai vya karatasi, kandambili moja ya kushoto, gazeti la Kimalayalam lililokunjwa vizuri, na ekstensheni yenye plagi iliyobabuka, imening’inia juu ya chumba anacholala mtu. Katika ghorofa mbili ile nafasi ya juu ya dari ndiyo njia ya hewa kurudi kwenye kiyoyozi. Kwa hiyo kebo ya PVC ikiungua humo, moshi wake wenye asidi unavutwa na kugawiwa vyumbani pamoja na ubaridi. Huko tuliziondoa kebo zetu za zamani, tukaweka zisizotoa moshi mwingi wala halojeni. Ziligharimu karibu mara mbili, na meneja alichangia nusu bila kuombwa.

Mnaotuma pesa za kujenga nyumbani, mtatuvumilia neno dogo. Dari za jipsamu zimefika Mikocheni, Nyali na Kilimani, na shemeji yupo anayejua kuvuta waya. Juu ya dari zetu nyingi kuna mabati, na joto la chini ya bati saa nane mchana linashinda la huku. Kuna panya wanaopenda plastiki ya kebo, na kuna popo. Mwambieni fundi mtambo ukae chini ya dari hata kama mama hapendi sura yake. Ekstensheni isipande juu kabisa. Na mkiwa na nyumba ya kupangisha, muulizeni kila ukuta anaoutoboa una kazi gani. Mtaonekana wasumbufu, si neno.

Yule mama wa Tanga tulimwambia Jumapili ya tatu. Tulimletea mtoto juisi na biskuti, tukaona aibu ya biskuti zenyewe, tukasema. Alitusikiliza amesimama, mlango umeshikwa kwa mkono. Hakutukemea. Aliuliza, “La kwangu mmeshaziba?” Tukasema ndiyo, ndilo tulilolianza. Akataka kuliona. Tukamshikia ngazi, akapanda na buibui lake amelikusanya, akamulika kwa simu yake muda mrefu. Aliposhuka hakutukaribisha ndani, na tangu siku ile akituona hutuamkia kwa kichwa tu.

Kimebaki chumba kimoja cha ghorofa ya pili. Mpangaji wake yuko melini na ufunguo anao yeye. Meneja anasema atarudi baada ya Idi. Dawa ya kuzibia tumeshaiweka stoo, kopo mbili, na jina la jengo limeandikwa juu yake.