Spika na Kompyuta Katika Chumba Kimoja

Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Methali hii niliisikia tangu utotoni, nami niliichukulia kuwa ni ya watu tu: mke na mume, mawifi, wapangaji wa nyumba moja. Sikujua kwamba ipo siku ningeikumbuka kwa sababu ya vyombo viwili, kompyuta isiyo na mdomo na spika ambayo ni mdomo mtupu.

Mwaka 1996 mimi na mdogo wangu tulipanga chumba Magomeni, Dar es Salaam. Kilikuwa cha futi 10 kwa 10. Ndani yake mlikuwa na vitanda viwili, meza moja, kabati la nguo na kazi mbili. Mimi nilikuwa na kompyuta iliyokwisha tumika na wengine, nikichapa barua na risala za watu. Mdogo wangu alikuwa akipiga muziki kwenye shughuli za mitaani. Alikuwa na amplifaya, deki ya kaseti na spika mbili kubwa katika masanduku ya mbao. Pa kuziweka palikuwa pamoja tu, yaani kulia na kushoto mwa meza, na kompyuta katikati kama bwana harusi na wapambe wake.

Wiki haikuisha, pembe ya kulia ya kioo cha kompyuta ikaota doa la zambarau, lililofifia pembeni na kuwa kijani. Nililifuta kwa kitambaa, likabaki. Nikamwita fundi redio wa mtaani. Hakufungua chochote. Aliisogeza spika kidogo kwa goti, doa likasogea nalo, akacheka.

Maelezo yake nimeyathibitisha baadaye vitabuni. Ndani ya spika mna duara la sumaku, na kwenye shingo ya koni ya karatasi umezungushwa waya mwembamba. Umeme wa muziki ukipita katika waya, sumaku huusukuma mbele na nyuma, koni hupiga hewa, nasi tunasikia sauti. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark alionesha kwamba umeme upitao kwenye waya huigeuza sindano ya dira, na spika ni mjukuu wa jambo hilo. Lakini kioo cha kompyuta cha wakati ule nacho kilikuwa mjukuu wa jambo hilohilo. Nyuma yake ilirushwa miali mitatu ya elektroni, kwa ajili ya nyekundu, kijani na buluu, ikapindwa kwa nguvu ya sumaku na kupita katika vitundu vya bamba jembamba la chuma ili kila mmoja ugonge rangi yake. Sumaku ngeni ikikaribia, miali hukosea njia na kugonga rangi isiyo yake. Wajukuu wawili wa babu mmoja walikuwa wakigombea chumba.

Dawa ilikuwa umbali. Nguvu ya sumaku hupungua upesi mno: ukienda mbali mara mbili, hubaki takriban sehemu moja ya nane. Tulizivuta spika kidogo kidogo huku mmoja wetu akitazama kioo, hata zikafika kwenye kona za upande wa mlango, tukaziwekea alama ya chaki sakafuni. Doa lilikuwa limepungua tu, kwa kuwa bamba la chuma lilikuwa limekwisha nasa usumaku. Tukaizima monita, tukaiacha ipoe kwa nusu saa, tukaiwasha. Monita za rangi zilikuwa na koili ya kuondoa usumaku, nayo hufanya kazi zinapowashwa zikiwa baridi. Mara ya tatu doa likatoweka.

Nilijiona bingwa. Niliwaeleza hata wapangaji wenzangu kwamba spika zilizotengenezwa kuwekwa kando ya kompyuta huongezewa sumaku ya pili ya kupingana na ile ya kwanza, pamoja na kikombe cha chuma cha kuizuia isitoke nje. Kumbe nilikuwa nimejifunza nusu ya somo.

Wakati ule nilikuwa katibu wa chama chetu cha kuzikana. Tulikuwa wanachama 43, kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa mwezi, na mwenzetu akifiwa chama kilimpa sanda, usafiri na chakula cha matanga. Hesabu zote nilikuwa nimezihamishia kwenye disketi mbili, zile pana na laini za inchi 5 na robo. Kompyuta yangu haikuwa na diski ya ndani, kwa hiyo disketi ndizo zilizokuwa kabati langu lote. Ya pili ilikuwa nakala ya kwanza, nami nilizitia katika bahasha moja.

Mwezi Agosti koni ya spika moja ya mdogo wangu ilipasuka. Aliitoa spika sandukuni, akailaza kifudifudi karibu na kitanda changu, sumaku ikitazama juu, akingoja gundi. Ilikuwa mbali na kioo na haikuleta doa lolote. Usiku, nikiwa nimechoka, niliiona kama kigoda kidogo kizuri, nikaiweka bahasha juu yake. Ilikaa hapo siku tatu.

Jumamosi, siku moja kabla ya mkutano, nilitia disketi ya kwanza. Kompyuta ikakoroma, ikagoma kusoma. Nikatia ya pili, ikawa vilevile. Mdogo wangu aliporudi na rafiki zake nilimvaa mbele yao. Nilimwambia kwamba wamechezea kompyuta yangu, kwamba kelele zake ndizo zilizoniharibia kazi, na kwamba atafute chumba chake. Alinisikiliza hadi mwisho. "Kaka, sijaigusa," akasema, akaenda kulala kwa rafiki yake.

Mkutanoni nilisimama bila karatasi. Nilipotamka kwamba hesabu zimefutika, ukumbi ulinyamaza. Kuna aliyenitazama machoni, kisha akatazama viatu vyangu vipya. Hakuna aliyesema neno "mwizi", wala halikuhitaji kusemwa. Ndipo mweka hazina wetu, mama mtu mzima aliyekuwa akiuza vitumbua, alipofungua kikapu chake akatoa daftari la shule lililoloa mafuta pembeni. Nilipoanza kutumia kompyuta nilikuwa nimemwambia aache kuandika. "Mwanangu, niliogopa kukuvunja moyo," akasema, "lakini mali bila daftari hupotea bila habari." Majina yote 43 yalikuwemo, mwezi kwa mwezi.

Ni yule fundi aliyeng'amua kisa, alipoingia kurudishia koni na kuikuta bahasha. Alitoa disketi moja akaipunga hewani. Nguvu ya sumaku ya dunia ni takriban nusu ya gausi, na hata hiyo yatosha kuchafua rangi za kioo ukikigeuzia upande mwingine. Disketi zile zilihitaji gausi mamia kadhaa ndipo maandishi yake yafutike. Spika iliyo ndani ya sanduku lake, hatua moja mbali, isingeweza kuzidhuru. Sumaku tupu iliyogusana nazo iliweza. Kioo kilikuwa kama mtoto mchanga, anayelia kabla hajaumia. Disketi zilikuwa kama mzee mvumilivu, asiyesema kitu mpaka siku anapoanguka. Mimi nilikuwa nimetuliza kilio cha mtoto nikadhani nyumba nzima iko salama.

Nilimfuata mdogo wangu kwa rafiki yake, nikamwomba radhi mbele ya walewale niliomtukania mbele yao. Alirudi. Tulipanga chumba upya: meza ya kompyuta ukutani, mbali na spika na bila kugusana na rafu yao, spika isiyo na sanduku haikai chumbani, na disketi, nakala moja kwangu, nyingine kwa mama mweka hazina ndani ya kopo la biskuti, pamoja na daftari lake.

Leo mengi yamebadilika. Vioo bapa havirushi miali ya elektroni, kwa hiyo spika haiviotoi madoa. Disketi zimekwisha, Sony iliacha kuziuza Japani mwaka 2011. Hifadhi nyingi za siku hizi hazitumii sumaku hata kidogo. Hata hivyo diski zizungukazo bado zipo, na adui yao si sumaku ya spika, kwani zenyewe zina sumaku kali ndani. Adui yao ni mtikisiko, maana kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache. Mwishoni mwa mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg alionekana kwenye video akizipigia kelele diski, na kipimo kikaonesha zikichelewa kujibu papo hapo. Kwa hiyo usiweke diski ya aina hiyo juu ya sanduku la spika wala kwenye rafu moja na besi. Kadi yenye utepe mweusi wa sumaku nayo usiilaze juu ya sumaku ya spika.

Mdogo wangu sasa ana nyumba yake na muziki wake. Kila nikimtembelea huniwekea kiti, na kabla sijakaa hunitazama mkononi, akauliza kwa utani, "Kaka, leo umebeba bahasha?" Nami hucheka, lakini huiweka simu yangu upande mwingine wa chumba.