Majani Machungu Jikoni Mwetu



Juma hili mtuvumilie, maana habari tuliyo nayo ni ya sufuria, tena ya kosa tulilolifanya sisi wenyewe.

Wengi wenu mnamkumbuka padre Mwigbo kutoka mashariki mwa Nigeria tuliyeishi naye nyumbani kwetu hapa Kagera tangu mwaka 2018. Alikula ndizi zetu kwa uvumilivu mkubwa. Siku moja mmisionari mwenzake alimletea kifurushi kutoka kwa mama yake mzazi, kimeviringishwa kwa majani makavu, nacho kikawekwa jikoni. Kesho yake nyumba nzima ilinuka. Tukahukumu kuwa kitu kimeoza, tukamwagiza mama mpishi akitupe shimoni. Kumbe ilikuwa ogiri, yaani mbegu zenye mafuta zilizopikwa, zikapondwa na kuchachushwa kwa siku kadhaa. Kiungo ambacho kwa Waigbo mchuzi bila hicho ni kama maji ya moto tu. Alipokiulizia tulijibu kwamba labda panya wamekibeba. Ndiyo, tulisema hivyo.

Mwezi Mei 2020 mama yake akafariki. Nigeria ilikuwa imefunga viwanja vyake kwa ndege za abiria kutoka nje tangu tarehe 23 Machi, na haikuvifungua mpaka tarehe 5 Septemba mwaka ule. Ndugu zake wakamzika marehemu wakiwa wachache, naye akayasikiliza mazishi ya mama yake kwa simu, amesimama chini ya mwembe wetu ambapo mtandao hushika vizuri. Siku mbili hakugusa chakula. Siku ya tatu akaja jikoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba angependa kupika ofe onugbu, mchuzi wa majani machungu aliokuwa akiupika mama yake.

Tulidhani jambo hilo haliwezekani, lakini alitutoa nje akatuonyesha mti ulio nyuma ya choo cha zamani. Ulikuwa omubirizi! Mama mpishi akashtuka: “Waitu Baba Paroko, hiyo ni dawa ya homa, si mboga.” Kwa hakika mmea ni ule ule, sisi tunauchemsha na kuunywa tukiwa tumekunja uso, wao wanausugua kwa viganja ndani ya maji, wanayamwaga, wanasugua tena, hadi uchungu ubaki kidogo tu nyuma ya ulimi. Tuliyamwaga maji ya povu la kijani mara sita. Padre akaonja jani, akatikisa kichwa, tukarudia mara ya saba.

Magimbi yalichemshwa na maganda yake, yakamenywa yangali ya moto, yakatwangwa kinuni mpaka yakanata mchini. Hayo ndiyo yanayoufanya mchuzi uwe mzito. Mawese ya Kigoma tuliyapata sokoni bila taabu. Badala ya kamba wadogo waliosagwa tulitumia dagaa wa ziwani, ingawa padre aliwatazama kwa mashaka. Nyama iliyoiva ikatiwa mawese na pilipili, kisha mabonge ya magimbi, tukangoja mpaka yayeyuke yote ndipo majani yakaingia.

Katika kungoja huko akatusimulia habari za samaki ambaye hatukuwa naye, yule wanayemwita okporoko, aliyekaushwa kwa upepo huko Norwei hata akawa mgumu kama ubao. Samaki huyo alijulikana kwao hata kabla ya vita vya Biafra vya mwaka 1967 hadi 1970, lakini wakati wa njaa ile aliletwa kwa wingi na ndege za misaada za makanisa, zilizotua usiku gizani katika uwanja wa Uli. Mama yake, wakati huo binti mdogo, aliponea kwa samaki huyo. Akatukumbusha pia kwamba Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, na kwamba mama yake alilijua jambo hilo. Ndiyo maana hakulia sana mwanawe alipopangiwa kuja huku.

Akaonja mchuzi. “Umebakia ogiri tu,” akasema.

Hapo tukashindwa kunyamaza. Tukamwambia kwamba panya hawakuhusika. Mama mpishi akainamisha kichwa kana kwamba kosa ni lake. Padre aliendelea kukoroga kwa muda mrefu kuliko mchuzi ulivyohitaji, asitutazame. Kisha akaomba sahani nne, akapakua, na kumpa mama mpishi kwanza. Tulikula kwa ugali wa muhogo, tukimeza matonge bila kutafuna kama alivyotuelekeza, na hakuna aliyezungumza mpaka sufuria ilipobaki masizi tu.

Mwaka 2021 alikwenda kwao kuliona kaburi. Aliporudi, kabla hata ya kuvua viatu, aliweka mezani vifurushi viwili vilivyoviringishwa kwa majani makavu, akatusogezea kimoja. Tulikimaliza kabla ya Krismasi. Mama mpishi ndiye aliyekuwa akikifungua, uso ameugeuzia dirishani.