Mzee wa Meza ya Tatu

Louisville, Kentucky

Mjomba wangu mpendwa,

Natumaini lile goti limepunguza kelele. Huku theluji imeyeyuka na sisi tunaolea wazee majumbani tumepumua, maana barabara zikiganda tunatoka nyumbani saa kumi alfajiri ili kufika kazini saa kumi na mbili.

Tulipoongea kwa simu ulisema neno ambalo sikulijibu. Ulisema, "Mimi sasa kazi yangu ni kuota jua." Hukulisema kwa huzuni, ulilisema kama mtu anayetaja saa. Nimetembea nalo wiki nzima, kazini na kwenye basi, nikaona nikujibu kwa maandishi, tena kwenye safu hii hii kama ulivyoniruhusu. Najua wajomba wanaoota jua ni wengi.

Nianze na mzee mmoja wa huku.

Kuanzia mwanzoni mwa Februari hadi katikati ya Aprili, kila Jumamosi naenda maktaba kuwatafsiria watu. Ndio msimu wa kufaili taksi, kama tunavyosema sisi wa huku. Kila mfanyakazi anajaza mwenyewe hesabu ya mapato yake ya mwaka na kuipeleka serikalini si zaidi ya tarehe 15 Aprili. Mwajiri anakupa karatasi iitwayo W-2, inayoonyesha umelipwa kiasi gani na umekatwa kodi kiasi gani. Ukiwa umekatwa zaidi, unarudishiwa. Tena kuna nafuu iliyowekwa kisheria tangu 1975 kwa mfanyakazi wa kipato kidogo, na mwenye watoto anaweza kurudishiwa maelfu ya dola kwa mkupuo. Kwa familia iliyotoka kambini, hizo ndizo fedha za gari la kwanza, au za godoro kwa kila mtoto.

Penye fedha za namna hiyo hawakosekani wa kuzivizia. Mwaka wangu wa pili huku nilimlipa mtu aliyefungua kiofisi cha msimu. Akaniandikia biashara ambayo sikuwahi kuwa nayo ili marejesho yavimbe, akakata fungu lake, akafunga mlango. Barua ya serikali ilinifikia miezi kumi baadaye. Nililipa deni lile kidogo kidogo kwa mwaka na nusu, na mama sikumwambia. Wewe ndiye wa kwanza kusikia, Mjomba. Nakwambia ili ujue kwa nini Jumamosi zangu nazipeleka pale maktaba.

Pale hulipi hata senti. Kuna meza sita na kompyuta sita, na nyuma ya kila kompyuta ameketi mzee. Ni wastaafu watupu: walimu, karani wa benki, muuguzi, mama aliyeendesha basi la shule. Kabla ya msimu wanarudi darasani, wanasoma mabadiliko ya sheria za kodi za mwaka ule, kisha wanafanya mtihani wa mamlaka ya mapato. Asiyefaulu haruhusiwi kumjazia mtu hesabu. Mzee wa meza ya tatu ana miaka 81. Zamani alikuwa mhandisi wa madaraja. Anakuja na penseli mbili alizochonga nyumbani, kifutio, na daftari dogo lenye jalada jeusi.

Jumamosi moja alikaa mbele yake mama mmoja wa Fizi, Kongo, aliyeishi miaka kumi na saba katika kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, kwetu Tanzania, kabla ya kuletwa Marekani. Anakata nyama kiwandani, zamu ya usiku. Karatasi zake zote alizibeba kwenye mfuko mweusi wa plastiki, akaumimina mezani: W-2, bili ya umeme, cheti cha chanjo, kadi ya kliniki ya Nyarugusu iliyokunjwa mara nne. Mzee hakusukuma kitu pembeni. Alizitandaza zote, akazinyoosha kwa kiganja, akaanza kuzichambua kama mtu anayechagua mchele.

Alipofika kwa watoto, akasimama. Watoto watano, na kila mmoja ana jina lake la ukoo. Tena wanne kati yao wamezaliwa tarehe 1 Januari. Akanitazama. Hakuwa na shaka usoni, alikuwa anauliza. Nikamweleza kwamba kwao kila mtoto hupewa jina lake, si lazima la baba, na kwamba mkimbizi asiye na cheti cha kuzaliwa huandikiwa siku ya kwanza ya mwaka. Akafungua lile daftari jeusi, akaandika. Tangu siku ile, akija mtu wa Kongo, anauliza jina la kila mtoto mmoja mmoja, anasubiri herufi zitajwe, na anasoma tena kwa sauti mpaka mama atikise kichwa.

Walipomaliza, mama akaniinamia. "Na uyu muzee, tunamulipa ngapi?"

"Hatumlipi, mama."

"Hata ya chai?"

"Hata ya chai. Wamekatazwa kupokea."

Akamtazama mzee kwa muda mrefu. Kabla hajaondoka, kazi ile ikapita mikononi mwa mzee wa pili, kwa sababu utaratibu wao ni kwamba hakuna hesabu inayotumwa mpaka mwingine ameisahihisha tangu mwanzo. Wewe uliyesahihisha madaftari kwa taa ya chemli miaka thelathini na sita ungefurahi kuliona hilo. Wiki iliyofuata mama akarudi na maandazi ndani ya kitenge. Mzee akayaweka kwenye meza ya mlangoni, wakala wote waliokuwa kwenye foleni, naye akaenda akachukua moja akala amesimama miongoni mwao. Siku hizi wale kinamama wanaambiana, "Nenda kwa muzee wa taksi." Wanamsubiri. Akikosa Jumamosi moja wanauliza kama anaumwa.

Nilitaka kujua jambo hili lilianzaje, na kumbe lilianza kwa mwalimu kama wewe. Ethel Percy Andrus alikuwa mkuu wa shule ya sekondari Los Angeles. Alistaafu 1944. Inasimuliwa kwamba siku moja alimtafuta mwalimu mstaafu mwenzake baada ya kusikia kwamba hana msaada, akamkuta anaishi kwenye banda la kuku. Mwaka 1947 akaanzisha chama cha walimu wastaafu, na mwaka 1958 chama cha wastaafu wote, kiitwacho AARP. Ndani ya chama hicho, mwaka 1968, wazee wanne wakajitolea kuwajazia wenzao fomu za kodi. Wanne tu, Mjomba. Leo ni makumi ya maelfu, na maktaba yetu ni mojawapo ya mahali wanapokaa. Serikali nayo ina mipango yake: tangu 1965 kuna wazee wanaopewa posho ndogo kukaa na watoto wenye shida, wenyewe wanaitwa mababu na mabibi wa kulea. Na kule Baltimore wazee wa miaka 60 na kuendelea walipelekwa madarasa ya chini kuwasaidia watoto kusoma, saa 15 kwa wiki. Watafiti walipowafuatilia waliona kwamba si watoto peke yao waliofaidika. Wazee wenyewe walianza kutembea zaidi na kuwa na watu zaidi wa kuwakimbilia wakati wa shida. Lisikie hilo goti lako.

Sasa usije ukadhani nakusifia nchi hii kuliko ilivyo. Mimi ndiye ninayeingia vyumbani mwao. Nina bibi wa miaka 92 ninayemwogesha, ambaye watoto wake watatu wako majimbo matatu. Saa sita mchana mlango unagongwa na mzee wa miaka 78 aliyeshika chakula cha moto kwenye sahani ya karatasi yenye kifuniko. Naye anajitolea. Kuna siku ambazo sauti yangu na sauti ya yule mleta chakula ndizo pekee anazozisikia bibi yule. Mwaka 2023 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alitoa tahadhari kwa taifa zima kwamba upweke unaua, akaulinganisha na kuvuta sigara hadi 15 kwa siku. Kwetu Upareni hatujafika huko. Jirani akiugua hatungoji mpango ndipo tumpelekee uji. Ndiva, bwawa la kumwagilia, ikijaa tope, msaragambo wa kazi ya pamoja unaitwa na kila nyumba inatoa mtu. Hayo huku hawana, na ndiyo maana wanaunda vyama vya kuyafanya.

Lakini kuna kitu wanacho ambacho sisi tumekiacha. Sisi tunawaheshimu wazee wetu sana: tunawaamkia, tunawapisha, tunawapa kiti. Halafu tunawaacha na kiti hicho. Mtu amefundisha miaka thelathini na sita, siku anayofikisha 60 anapewa cheti, mbuzi na hotuba, na kesho yake hakuna mtu hata mmoja katika kijiji kizima anayemsubiri saa mbili asubuhi. Mzee wa meza ya tatu haheshimiwi kama wewe. Vijana wanampita dukani bila salamu. Ila Jumamosi anasubiriwa na foleni. Nimewalea wazee miaka tisa sasa, Mjomba, na nimeona tofauti kati ya anayesubiriwa mahali na asiyesubiriwa. Inaonekana hata kwenye namna mtu anavyovaa viatu vyake asubuhi.

Na wala hatuna haja ya kuiga huku. Mwaka 2006, pale Mbare, Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi kuliko uwezo wake. Akaanza na mabibi 14 wa mtaa ule ule. Akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu afumbue shida yake mwenyewe, wakawekewa benchi la mbao nje ya zahanati. Shida wanayoitibu wanaiita kwa Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Matokeo yakapimwa kitaalamu na kuchapishwa 2016, na walioketi na mabibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limeshafika Zanzibar. Limefika hata Washington, mji mkuu wa nchi hii ninayokuandikia. Bibi wa Mbare anawafundisha Wamarekani jinsi ya kuketi na mtu.

Na wewe mwenyewe, umesahau? Mama anasimulia mpaka leo jinsi mwaka 1973 ulivyokuwa ukipandisha mlima na redio ya kikundi begani, kijana wa miaka 22, kwenda kuongoza darasa la Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi kama chako, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Mama anasema shimo la choo cha babu ulilichimba wewe na wanakikundi wako baada ya kipindi, jua likizama. Nani alikulipa?

Sikuombi uanzishe mradi. Tafadhali usiunde kamati, usichapishe bango, usimwite mgeni rasmi. Nakuomba meza moja. Pale chini ya mwarobaini, siku moja kwa wiki, kwa muda wa saa mbili. Yule bibi wa karibu na mfereji analea wajukuu watano peke yake, na uliniambia wawili wako darasa la nne na hawawezi kusoma sentensi hadi mwisho. Kujitolea kwa bibi yule kumeshajaa hadi pomoni, tangu alipowazika wanawe, ingawa hakuna aliyewahi kumwita mfanyakazi wa kujitolea. Yeye hahitaji kusifiwa. Anahitaji mtu amchukulie wale wawili kwa saa mbili, awafundishe a-e-i-o-u kama ulivyonifundisha mimi, kwa kidole juu ya mstari. Wengine watakuja wenyewe. Watu wenye barua za pensheni wasizozielewa watakuja. Mwenye fomu ya kitambulisho iliyorudishwa mara tatu kwa sababu jina limekosewa herufi atakuja pia, nawe utamwambia ataje herufi moja moja.

Kuna dada wa Mwanga anarudi nyumbani mwezi wa sita. Nimempa kifurushi chako: miwani ya kusomea namba mbili na nusu, penseli za risasi dazeni nne, vichongeo, na daftari dogo jeusi. Hilo daftari nililinunua duka lile lile anakonunua mzee wa meza ya tatu. Nilimwambia mzee huyo ni la nani, akaniuliza unafundisha somo gani. Nikamwambia unafundisha kusoma.

Sasa nijibu, Mjomba, ni siku gani. Nataka nijue ili siku hiyo nisikupigie simu asubuhi.

Msalimie Shangazi, na uwaambie wadogo zangu waache kukutuma dukani.

Mpwa wako