Lenzi ya kuvuta mbali kwa kamera ya renjifainda: hesabu kabla ya pesa

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, tuongee kamera. Ila msishangae Python ikijitokeza katikati.

Ninaishi Ogwedhi, Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Narok. Kamera yangu ni Canon P, renjifainda ya filamu ya mwishoni mwa miaka ya 1950, nayo ilikuwa na lenzi moja tu ya milimita 50. Ninayetaka kumpiga picha ni Dani, nyanya yangu. Ana miaka 84, na picha pekee aliyo nayo ni ya kitambulisho. Ukimsogelea na kamera anakaza uso vile vile. Ukikaa mita tano hivi anakusahau, anaendelea kupukuchua mahindi na kucheka na majirani. Lakini kwa mita tano lenzi ya 50 inabeba upana wa mita 3.6, yaani Dani, majirani, kuku na nusu ya ghala. Mimi nataka uso na mikono yake, na bajeti ni shilingi 20,000.

Wengi wangesema nunua ndefu kuliko zote. Kwa renjifainda, ngoja kwanza. Kamera hii haichungulii kupitia lenzi. Ina madirisha mawili, nawe unazungusha lenzi mpaka picha mbili ndogo zilaliane. Kwa hiyo swali si lenzi inaona mbali kiasi gani, bali kamera inaweza kupima umbali kwa usahihi gani.

Kwenye Canon P vipimo vinaachana milimita 41, na dirisha lake halikuzi wala kupunguza picha. Jicho la kawaida hutofautisha pembe ya sehemu moja ya 60 ya digrii. Niliandika mistari michache ya Python, ikanipa jibu: kwa mita tano, kosa linaweza kufika sentimita 18 mbele au nyuma. Halafu nikapima kila lenzi inavumilia kosa kiasi gani, tundu likiwa wazi kabisa:

1. Jupiter-11, milimita 135, f/4, ya Urusi ya Kisovieti. Ndiyo rahisi kuliko zote. Inavumilia sentimita 16 tu, chini ya zile 18. Tena Canon P haina fremu ya 135 dirishani, kwa hiyo unanunua na kitazamio cha juu.

2. Jupiter-9, milimita 85, f/2. Inavumilia 21, na michoro yake inatokana na Sonnar ya Zeiss. Lakini lenzi za Kisovieti zina sifa ya kukosea fokasi kidogo kwenye kamera zisizo za Kisovieti, hasa karibu na tundu likiwa wazi. Hapo zile sentimita tatu za ziada zinaisha.

3. Canon, milimita 100, f/3.5. Inavumilia 26. Fremu ya 100 tayari imo dirishani, pamoja na za 35 na 50, na inajisogeza yenyewe ukikaribia. Kwa mita tano, ukiisimamisha kamera wima, unapata upana wa mita 1.2. Mtu mmoja, basi.

Zote tatu hufunga kwa skrubu ile ile ya milimita 39, ndiyo maana mtu huona bei tu. Nikachukua ya Canon, ikamaliza karibu bajeti yote. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji picha ya lenzi ikimulikwa kwa tochi kutoka nyuma, kwa sababu kuvu ndani ya kioo huonekana hivyo, kama nyuzi za buibui. Huku kwetu unyevu ni mwingi, kwa hiyo sasa inalala kwenye kopo lenye mfuniko mkali na vipakiti vya kukaushia.

Filamu ya kwanza ilikuwa na picha 36, na kila moja ni pesa. Saba ni za Dani. Katika tano kati ya hizo, kope za macho zinahesabika. Moja anacheka, mhindi mkononi, wala hajui kama nipo. Nilipompelekea aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniagiza niifanye kubwa, itundikwe sebuleni. Ile ya kitambulisho, amesema, ni ya serikali.